Antena ya Ndani Inapoishia

Maneno "Hakuna mawimbi" yakijitokeza kwenye televisheni robo saa kabla ya mechi, lawama hugawiwa haraka. Mwenye nyumba anakilaumu king'amuzi. Duka lililomuuzia king'amuzi linailaumu antena. Muuza antena anasema mtaa wenyewe ndio una shida. Wiki inayofuata inanunuliwa antena nyingine ya ndani, safari hii bapa na nyeusi, boksi lake limechorwa setilaiti na kuandikwa kwamba inanasa chaneli za HD na 4K kutoka kilomita 300. Inabandikwa ukutani nyuma ya televisheni. Chaneli tatu zinaongezeka, mbili zinapotea, na zilizobaki zinaganda kila bodaboda inapopita dirishani.

Mtazamaji huyu hakukosa akili. Alikosa maelezo. Kila anayemshauri ameshika kipande cha ukweli: jirani anayesema antena ya ndani inatosha anasema kweli kwa nyumba yake, fundi anayesema hazifai kabisa anasema kweli kwa nyumba alizozihudumia, na anayelaumu mnara naye ana sababu zake. Ushauri huo ukiwekwa pamoja bila kupimwa, unampeleka mtu dukani mara tatu kununua kitu kilekile. Msimamo wa uchambuzi huu ni kwamba kinachoifunga antena ya ndani ni mahali inapokaa zaidi ya chapa au bei yake, na kwamba mzigo wa kulijua hilo umebebeshwa mtazamaji peke yake bila haki.

Chenga zilipoondoka

Kwa mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 chini ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilipanga kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa siku ambayo, ukiacha masafa machache yaliyoongezewa muda, mitambo ya analojia isingelindwa tena dhidi ya mwingiliano. Tanzania ilitangulia mapema: usiku wa 31 Desemba 2012 analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Kenya ilianzia Nairobi na viunga vyake mwishoni mwa 2014, na miezi ya mwanzo ya 2015 ikawa ya mvutano mkali, hata vituo vikubwa vya habari vikakosekana hewani kwa karibu wiki tatu.

Mabishano ya miaka ile yalihusu bei ya ving'amuzi, ada za mwezi na nani amiliki minara. Antena ilionekana jambo dogo. Wengi walichomeka kwenye king'amuzi antena ileile ya siku za analojia, au kale kafimbo kafupi kenye kitako cha sumaku kalikokuja ndani ya boksi.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia, kwa sababu tabia ya mawimbi mbele ya macho ya mtazamaji ilibadilika. Kwenye analojia mawimbi yakiwa hafifu picha ilijaa chenga, na yakigonga ukuta na kurudi picha ilipata vivuli, lakini ilionekana. Shabiki aliweza kuufuata mpira ndani ya chenga na kusikia mtangazaji vizuri. Kwenye dijitali king'amuzi kikipata mawimbi ya kutosha kurekebisha makosa yote, picha hutoka safi. Yakishuka chini ya kiwango hicho kwa desibeli moja au mbili tu, picha huvunjika vipande vya mraba, sauti hukwaruza, kisha kioo kinakuwa cheusi. Hakuna tena ile hali ya katikati iliyokuwa ikimwonya mtu kwamba antena yake iko ukingoni. Nyumba inaweza kuwa na picha safi saa nne asubuhi na isiwe na kitu saa mbili usiku, na mwenyewe aape kwamba hajagusa chochote. Hajagusa kweli. Alikuwa ukingoni tangu mwanzo ila picha safi ilimficha.

Haki itendeke kwa dijitali pia. Karibu na mnara, mfumo huu huvumilia mwangwi wa mawimbi ambao zamani ungeleta vivuli, na hutoa picha safi kwa mawimbi yaliyo hafifu kuliko yale yaliyohitajika na analojia. Kuna mitaa ambayo antena ya ndani imekuwa bora kuliko ilivyokuwa. Ndiyo maana ushuhuda wa watu wawili wa jiji moja unaweza kupingana, na wote wawili wakawa wakweli.

Hesabu ya desibeli 31

Desibeli ni kipimo cha uwiano. Ukipoteza desibeli 3 unabaki na nusu ya mawimbi, ukipoteza 10 unabaki na sehemu moja ya kumi, 20 sehemu moja ya mia, 30 sehemu moja ya elfu. Ukishika hayo manne, hesabu yote ya antena inasomeka.

Wahandisi wanaopanga minara hawakisii. Mkataba wa Geneva una makadirio yanayotumika kulinganisha nyumba yenye antena ya paani na nyumba yenye antena ya ndani. Katika masafa ya megahezi 500, ambayo yako ndani ya bendi ya UHF tunayotazamia, antena ya nje imekadiriwa kukaa mita 10 kutoka ardhini, inaongeza desibeli 10 kwa kuelekezwa kwenye mnara, na inapoteza 3 ndani ya waya. Inabaki na faida ya 7. Antena ya ndani imekadiriwa kuwa mita 1.5 kutoka ardhini, ghorofa ya chini, na haiongezi kitu. Kushuka kutoka mita 10 hadi mita 1.5 kunagharimu desibeli 16. Kuvuka kuta za jengo kunagharimu 8 nyingine kwa wastani. Jumlisha: 7, 16 na 8 ni 31.

Desibeli 31 ni zaidi ya mara 1,200. Antena ya paani na antena ya mezani katika nyumba hiyohiyo, siku hiyohiyo, zikitazama mnara uleule, zinatofautiana kwa kiasi hicho. Nyumba ambayo paani pake pana mawimbi mara mia ya yanayohitajika bado inaweza kukosa picha sebuleni. Na ile 8 ya kuta ni wastani tu. Majengo hutofautiana sana, na baadhi huvuka 13.

Angalia ni kipi kikubwa katika hesabu hiyo. Watu hulalamikia kuta, kumbe kimo peke yake kinakula mara mbili ya kile kinacholiwa na kuta. Antena iliyo chini haioni mbali: imezungukwa na nyumba, miti, magari na mwinuko wa ardhi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu anayelalamika ni ghorofa ya ngapi anaishi na dirisha lake linatazama wapi. Mpangaji wa ghorofa ya tano upande unaotazama mnara amesharudishiwa sehemu kubwa ya zile 16. Jirani yake wa chini, upande wa nyuma, analipia zote.

Hesabu hii inafichua pia tatizo la ramani za usikivu. Eneo linapotangazwa kuwa lina mawimbi, kipimo cha kawaida katika upangaji wa minara ni antena ya nje kwenye kimo cha mita 10. Mtazamaji anasikia tangazo hilo akiwa na kafimbo kake juu ya kabati, anaamini limemhusu yeye. Hapo hakudanganywa kwa neno, ila hakuambiwa sharti.

Ahadi ya kilomita 300 kwenye boksi haihitaji hata maabara. Mawimbi ya UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia imepinda. Juu ya ardhi tambarare, mnara wa mita 100 na antena ya mita 10 huonana hadi kilomita 54 hivi. Ili antena iliyo mita 2 kutoka sakafuni ionane na mnara ulio kilomita 300, mnara huo ungepaswa kuwa na kimo cha zaidi ya mita 5,000, karibu sawa na Mlima Kenya kutoka usawa wa bahari. Maneno "HD" na "4K" nayo hayana maana kwenye antena. Antena hunasa mawimbi ya masafa fulani. Ubora wa picha ni kazi ya kituo, king'amuzi na televisheni.

Mabati, nondo na nyavu

Ushauri mwingi unaosambaa mitandaoni kuhusu antena ulitungwa kwa nyumba za Ulaya na Marekani. Kule husemwa: kama huwezi kuweka antena nje, iweke darini. Paa la vigae au mbao hupitisha mawimbi kiasi. Paa letu ni bati. Bati huyarudisha mawimbi ya UHF yalikotoka, na antena iliyowekwa darini chini yake hubakiwa na yale machache yanayopenya pembeni. Mtu aliyejisumbua kupanda darini Morogoro au Kisumu amepata kimo, akajifunika chuma.

Kuta za tofali za saruji hupunguza mawimbi, na zege lenye nondo hupunguza zaidi. Kwenye majengo ya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene sana, na vichochoro vyake vyembamba havifungui njia kuelekea popote. Chumba cha chini cha jengo kama hilo ni mahali pabaya kupita kiasi kwa antena ya ndani, hata mnara ukiwa karibu.

Dirisha ndilo tumaini la wengi, na kwa kawaida ni tumaini sahihi. Kioo cha kawaida hupitisha mawimbi vizuri. Lakini tazama dirisha la kawaida la mjini: nondo za kuzuia wezi zilizosukwa kwa karibu, wavu wa mbu, na pengine kioo chenye tabaka la metali la kuzuia jua. Wavu wa plastiki hauna neno. Wavu wa chuma au alumini ni ukuta mwingine. Nondo zenye nafasi ndogo nazo hupunguza, kwa sababu urefu wa wimbi katika megahezi 500 ni sentimita 60, na tundu lililo dogo sana kuliko wimbi halilipitishi kirahisi.

Sentimita hizo 60 zinaeleza pia kile kiini macho kinachowachosha watu. Ndani ya chumba, wimbi linalotoka dirishani hukutana na mengine yaliyogonga ukuta, friji na bati, nayo hujengana sehemu moja na kuuana sehemu nyingine. Umbali kati ya sehemu mbovu na mbovu nyingine unaweza kuwa sentimita 30 tu. Ndiyo sababu antena ikisogezwa kutoka juu ya televisheni hadi pembeni yake chaneli zinarudi, na mtu akipita mbele yake zinaondoka. Na kwa kuwa chaneli za masafa tofauti zina urefu tofauti wa wimbi, mahali panapofaa kundi moja la chaneli panaweza kuliua kundi jingine. Hakuna mahali pamoja sebuleni panapopendwa na mawimbi yote.

Ongeza kelele ya umeme. Chaja ya bei nafuu, taa ya LED isiyo na kichujio, kibadilisha umeme cha sola, mashine ya kusagia juisi: vyote hutoa kelele inayoingia kwenye masafa ya televisheni, na antena ya ndani imekaa navyo chumba kimoja. Antena ya paani iko mbali navyo. Hiyo ni hasara ambayo hata zile desibeli 31 hazikuihesabu.

"Ya ndani inatosha"

Wanaoitetea antena ya ndani wana hoja nzito ambazo mafundi hupenda kuzipuuza. Haihitaji fundi wala bomba la chuma. Haiibiwi. Haipigwi na radi, jambo lisilo dogo kwa wakazi wa ukanda wa Ziwa Victoria na mashariki ya Kongo, ambako radi ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia. Hailiwi na chumvi, wakati Tanga, Mombasa na Unguja antena ya nje huanza kuota kutu kwenye viungo vyake mapema. Mpangaji anapohama anaiweka kwenye begi.

Na kuna hoja ya madaraka ndani ya nyumba. Wapangaji wengi hawana haki ya kupanda paani. Mwenye nyumba hataki mabati yatobolewe, hataki mafundi wapite juu, na kila mpangaji akiweka bomba lake paa litakuwa msitu wa waya. Kumwambia mpangaji wa chumba kimoja "weka antena ya nje" bila kumjibu hilo ni kumwambia apande ngazi isiyokuwepo.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba ushahidi wake hutoka kwa waliofanikiwa. Anayekaa karibu na mnara, juu, upande sahihi, huona antena ya ndani ni kitu cha ajabu na kuwasifia wengine. Nairobi ni mfano mzuri. Limuru, ambako matangazo ya televisheni ya Kenya yalianzia mwaka 1962, iko juu ya jiji upande wa kaskazini-magharibi, na maeneo mengi yaliyoinuka huiona bila kizuizi. Lakini nenda kwenye majengo ya Pipeline, Embakasi, yaliyosimama yakigusana mabega, na uingie chumba cha chini kinachofunguka kwenye korido isiyo na jua. Pasipofika mwanga wa mchana, mawimbi ya UHF nayo hufika kwa shida. Jiji lilelile, mnara uleule, hukumu mbili.

"Ongeza busta"

Hii ndiyo hoja inayouza sana na inayopotosha sana. Antena yenye busta ina umeme wake, ina taa nyekundu inayowaka, na mnunuzi huona amenunua nguvu. Busta haiumbi mawimbi. Hukuza kinachoingia, na kinachoingia ni mawimbi pamoja na kelele. Ukimsogezea kipaza sauti mtu anayenong'ona katikati ya soko, utasikia soko zaidi.

Ushahidi upo kwenye menyu ya king'amuzi chenyewe, ambako wengi hawafiki. Kuna mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Washa busta sebuleni na mara nyingi utaona nguvu ikiruka hadi asilimia 90, huku ubora ukibaki palepale penye 20, au kushuka. Picha inategemea ubora. Karibu sana na mnara busta huleta madhara ya kinyume: mawimbi huzidi, king'amuzi kinazidiwa, na chaneli zilizokuwepo zinapotea. Kuna mitambo ya simu pia. Masafa ya juu ya megahezi 694 yaliyokuwa ya televisheni yamegawiwa simu, na busta isiyo na kichujio huyakuza mawimbi ya 4G ya mnara wa jirani kwa bidii ileile.

Kuna kosa dogo linalowaharibia hata walionunua vizuri. Antena nyingi zenye busta hupata volti 5 kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya uleule, na volti hizo huwashwa kwenye menyu. Zisipowashwa, busta iliyolala huzuia mawimbi badala ya kuyasaidia, na antena ghali inafanya kazi vibaya kuliko kafimbo ka sumaku.

Busta ina mahali pake halali: karibu na antena ya nje inayopata mawimbi safi, ili kufidia waya mrefu au televisheni kadhaa. Waya wa kawaida wa mita 20 hula karibu nusu ya mawimbi, na kigawanyio cha televisheni mbili hula nusu ya yanayobaki. Hasara hizo busta huzifidia vizuri, kwa sababu inakuza kitu kizuri kabla hakijapungua. Ndani ya chumba kibovu haina kizuri cha kukuza.

"Panda juu"

Mafundi wanaosisitiza antena ya nje wana fizikia upande wao. Kimo na mwelekeo ndivyo vinavyolipa deni la desibeli 31, na hakuna njia nyingine ya bei nafuu ya kulilipa. Kila mkazi wa miji yetu anaujua mlio wa kazi hiyo: mmoja juu ya bati ameshika bomba, mwingine mlangoni akitazama mstari wa ubora na kupaza sauti, "Zungusha! Rudisha kidogo! Hapohapo, usiguse!" Dakika kumi za kelele hizo zina faida kuliko antena tatu za ndani.

Hata hivyo kazi mbovu ya nje ni ya kawaida, na ndiyo inayowapa wapinzani hoja. Kiungo kisichozibwa huingiza maji ndani ya waya, na baada ya masika moja antena ya nje inakuwa mzigo. Vijiti vya antena hulazwa wakati mnara unarusha kwa wima, au kinyume chake, ilhali kuzitazama tu antena za majirani zinazofanya kazi vizuri kungetoa jibu. Bomba husimamishwa bila waya wa kuliunganisha na ardhi, kisha radi inapopiga lawama inarudi kwa dijitali. Antena ya nje inastahili kupendekezwa pamoja na masharti yake, na mafundi wengi huyaruka.

Suluhisho la nusu njia linafaa kutajwa, maana ndilo linalowafaa wengi. Antena ndogo ya nje kwenye ukuta wa balkoni au nje ya dirisha linalotazama mnara, bila kupanda paani, huepuka kuta, nondo na sehemu ya kelele ya ndani. Hairudishi kimo chote. Lakini desibeli 8 hadi 13 zikirudi, wengi waliokuwa ukingoni wanavuka.

"Achana na antena"

Wapo wanaosema antena imepitwa na wakati: funga dishi au tazama kwa intaneti. Dishi hufika kusikofika mnara wowote, na kwa vijiji vilivyo nyuma ya milima ndilo jibu. Lakini nalo hukaa nje na linahitaji ruhusa ileile ya mwenye nyumba, mvua kubwa hulikata, na chaneli za nyumbani hazina uhakika humo. Agosti 2018 watazamaji wa Tanzania waliona chaneli za bure kama ITV na Clouds zikiondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni, na wengi wakalazimika kurudi kwenye antena. Intaneti nayo hula karibu gigabaiti moja kwa saa kwa picha ya kawaida. Kwa kaya inayonunua bando la siku, taarifa ya habari ya kila jioni kwa njia hiyo ni anasa.

Mnara nao uulizwe

Mpaka hapa kila hoja imemtaka mtazamaji afanye kitu. Upo upande mwingine unaozungumzwa kidogo mno.

Mfumo wa DVB-T2 unaotumika kwetu humruhusu mwenye mtambo kuchagua. Anaweza kubana data nyingi kwenye masafa yaleyale, akapata nafasi ya chaneli nyingi, lakini mawimbi yakawa dhaifu mbele ya kelele. Au anaweza kubana kidogo, akapata chaneli chache zinazovumilia hali mbaya. Tofauti ya mawimbi yanayohitajika kati ya mpangilio wa chaneli nyingi na ule wa chaneli chache inaweza kufika desibeli 10. Hiyo peke yake ni theluthi ya deni letu.

Berlin ilichagua kwa makusudi. Ilipozima analojia Agosti 2003, ilitumia minara mirefu, nguvu kubwa na mpangilio wa chaneli chache kwa kila masafa, ili antena ndogo ya ndani itoshe katika sehemu kubwa ya jiji. Uingereza ikachagua chaneli nyingi kwa kutegemea antena za paani ambazo nyumba nyingi zilikuwa nazo tayari. Zote mbili zilijua zinachagua nini.

Kwetu uchaguzi ulifanyika bila mtazamaji kujua. Tanzania ilitoa leseni za kurusha mawimbi kwa kampuni chache, na Kenya vivyo hivyo: Signet (tawi la KBC, shirika la utangazaji la taifa), kampuni ya PANG, na ADN ya vyombo vya habari vyenyewe. Kampuni inayoishi kwa kuuza vifurushi ina kila sababu ya kutaka chaneli nyingi. Kuongeza minara midogo ya kujaza mabonde kunahitaji ardhi, umeme na mara nyingi jenereta juu ya kilima, na mapato ya chaneli za bure hayalipi gharama hizo. Sioni ubaya wa biashara hapo. Naona pengo la usimamizi. Chaneli za bure za umma zingeweza kutengwa kwenye masafa yenye mpangilio imara unaovumilia antena hafifu, na za kulipia zikabaki na mpangilio wao.

Mnara peke yake haumalizi kazi, ikumbukwe. Desibeli 10 zikirudi bado 21 zinadaiwa, na hizo zitatoka kwenye kimo, dirisha au minara ya karibu.

Uzito wa kila hoja

Nikizipima hoja hizi, ya busta ndani ya chumba ndiyo nyepesi kuliko zote, na inastahili kukataliwa waziwazi. Hoja ya kuhama kwenda dishi au intaneti ni nzuri kwa mwenye uwezo na kwa aliye mbali, lakini haiwezi kuwa sera ya nchi. Antena ya ndani ni chombo halali kwa anayekaa kilomita chache kutoka mnara, ghorofa za juu, dirisha likiutazama mnara huo bila chuma kati yake. Nje ya masharti hayo ni bahati nasibu. Antena ya nje inashinda karibu kila mahali pengine, ila haki ya kuiweka haiko mikononi mwa wale wanaoihitaji zaidi, yaani wapangaji wa vyumba vya chini.

Kwa hiyo jibu lenye uzito mkubwa kwa miji yetu ni antena moja ya pamoja juu ya jengo, yenye busta iliyowekwa mahali pake na waya unaoshuka kila chumba. Mwenye nyumba anatoboa paa mara moja, gharama inagawanywa, na radi inakingwa kwa waya mmoja wa ardhini. Halmashauri zinazoidhinisha ramani za majengo ya kupangisha zingeweza kulidai hilo kama zinavyodai ngazi na mifereji. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, pamoja na mashirika ya viwango TBS na KEBS, nazo zinapaswa kukataza maboksi yanayoahidi kilomita 300, na kutaka ramani za usikivu zionyeshe rangi mbili: mahali panapofikika kwa antena ya nje na mahali panapofikika kwa ya ndani.

Wewe unayesoma ukiwa na antena ya pili ya ndani isiyofanya kazi, usinunue ya tatu. Uliza mnara uko upande gani, fungua menyu ya king'amuzi utazame mstari wa ubora, kisha utoe antena hiyohiyo nje ya dirisha linaloelekea huko, waya ukiruhusu. Ubora ukipanda, fedha uliyotaka kununulia antena nyingine inunue waya mzuri na kipande cha bomba. Usipopanda, mfuate mwenye nyumba pamoja na wapangaji wenzako mzungumzie paa.